Miezi 120 ya Nyumba Moja

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya Waswahili wenzetu wa Birmingham. Wengi mlikuwa zamu, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Nimeitwa niseme habari za nyumba za kupangisha kwa chumba, hizi ambazo huku zinaitwa HMO. Kwetu Tanga hazina jina. Ni nyumba tu: vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapita kugonga milango. Hakuna aliyewahi kumtaka bibi yangu athibitishe kwamba alikuwa na wapangaji mwaka 1987. Wangemuuliza, angewaonyesha kizingiti kilivyolika.

Huku kizingiti hakisemi kitu. Unaweza kupangisha vyumba miaka kumi na zaidi, kodi ya mapato unalipa, cheti cha gesi unacho, jirani anakusalimia, halafu siku unataka kuuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi anauliza swali la mstari mmoja: matumizi haya ni halali kimipango? Nawe huna karatasi hata moja inayosema ndiyo.

Mimi si mwanasheria. Ni muuguzi, na nyumba yangu niliinunua kwa zamu za usiku. Nitakayosema yanahusu England peke yake. Wa Wales na Scotland mna taratibu zenu, msije mkanilaumu. Na nyumba yangu haiko hapa Birmingham. Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu makosa mengi ya hadithi hii yalikuwa yangu.

Tuanze na sheria, niipite haraka maana nawaona wengine mnaangalia biriani.

Nyumba ya familia, kwa lugha ya mipango miji ya England, iko daraja C3. Aprili 2010 likaongezwa daraja C4: watu watatu hadi sita ambao si kaya moja, wanatumia pamoja jiko, bafu au choo. Oktoba mwaka huohuo serikali ikasema kutoka C3 kwenda C4 huhitaji kuomba kibali, unahama tu. Lakini ikaziachia kaunsili, yaani halmashauri, kufuli lao, linaitwa Kifungu cha 4. Kaunsili ikitoa agizo kwa kifungu hicho, ruhusa ile inaondoka, na anayetaka kugeuza nyumba ya familia kuwa ya vyumba lazima aombe. Manchester walifunga Oktoba 2011. Hapa Birmingham walianza na Selly Oak, Edgbaston na Harborne Novemba 2014, kisha 8 Juni 2020 wakafunga mji mzima.

Kwa hiyo mwenye nyumba aliyechelewa ana milango miwili. Wa kwanza: uonyeshe kwamba siku kufuli linafungwa, nyumba yako tayari ilikuwa C4, na haijarudi kuwa ya familia tangu hapo. Wa pili ni kwa aliyeanza baada ya kufuli, kama mimi: uonyeshe umeitumia hivyo miaka kumi mfululizo, kiasi kwamba muda wa kaunsili kukuchukulia hatua umekwisha. Ukipita mlango mmojawapo unaomba cheti cha uhalali wa matumizi, chini ya kifungu cha 191 cha Sheria ya Mipango ya 1990. Hicho ndicho kinachomnyamazisha mwanasheria wa mnunuzi.

Kuna mtu atawaambia ni miaka minne. Mitaani nimeisikia sana hiyo minne. Ilikuwa ya ujenzi, na ya jengo lililogeuzwa kuwa makazi ya kaya moja, na tangu 25 Aprili 2024 hata hiyo imekuwa kumi kwa England, isipokuwa kwa mambo yaliyokwisha kufanyika kabla ya tarehe hiyo. Nyumba ya vyumba ilikuwa kumi tangu zamani. Aliyewaambia minne, mwambieni awaonyeshe ilipoandikwa.

Basi, nyumba yangu. Ghorofa moja juu, vyumba vitano. Wapangaji wa kwanza waliingia Septemba 2012. Kifungu cha 4 cha mji ule kilikuwa kimeanza miezi michache tu kabla, na mimi hata jina lake sikulijua. Oktoba 2018 sheria ya leseni ilipobadilika, nyumba yoyote yenye watu watano au zaidi wa kaya mbili au zaidi ikahitaji leseni bila kujali ina ghorofa ngapi. Nikaomba, nikapewa, nikaiweka kwenye fremu ukutani. Nikadhani nimemaliza.

Leseni si kibali, ndugu zangu. Leseni inatoka idara ya makazi: moto, vyoo, ukubwa wa vyumba. Kibali ni cha idara ya mipango. Idara hizo zinaweza kukaa korido moja na zisisalimiane. Leseni yangu ilikuja kunisaidia kama ushahidi kwamba mwaka 2018 kulikuwa na watu watano. Uhalali haikunipa.

Novemba 2022 nilipeleka ombi la kwanza. Miaka kumi ilikuwa imetimia na miezi miwili juu. Nilikusanya kila kitu, kurasa zaidi ya mia tatu, nikazituma kama mtu anayemwaga gunia la mahindi mlangoni kwa watu. Kabla ya wiki nane nikajibiwa: limekataliwa.

Nilikasirika. Nikampigia rafiki yangu nikasema wananionea. Akaniambia lala kwanza, kesho soma ripoti. Nikaisoma, na kila alichoandika yule ofisa wa mipango kilikuwa kweli.

La kwanza lilikuwa barua. Mpangaji wangu mmoja wa zamani, kijana wa Mwanza, nilimwomba aandike kwamba aliwahi kuishi pale. Akaandika kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba mama alitulea, tuliishi kama familia moja, tulikula pamoja kama ndugu. Nilipoisoma nililia. Ofisa aliponakili sentensi hiyo kwenye ripoti yake, sikulia tena.

Hebu fikirini. C4 ni ya watu ambao si kaya moja. Hadi watu sita wakiishi kama kaya moja, hiyo ni C3, nyumba ya familia. Kijana wa watu kwa upendo wake alikuwa ameniandikia ushahidi kwamba nyumba yangu haikuwa HMO. Sisi hapa neno ndugu tunalitupa kama njugu: huyu ndugu yangu, yule binamu, huyu mtoto wa mama mdogo, kumbe mmekutana stendi. Sheria ya Makazi ya 2004 imewataja jamaa mmoja mmoja: mzazi, babu na bibi, mjukuu, kaka, dada, mjomba, shangazi, mpwa, mpaka binamu. Ukimwambia ofisa wote mle ndani ni ndugu zako, umejitoa mwenyewe kwenye hesabu. Hata mwenye nyumba anayeishi mle na wapangaji wawili tu, miaka hiyo kwa kawaida haihesabiki.

Sikumwambia yule kijana aandike uongo. Nilimuuliza maswali. Ulikuwa na mkataba wako mwenyewe? Ndiyo. Mlango wa chumba chako ulikuwa na kufuli? Ndiyo, na ufunguo alioupoteza mara mbili, deni la kitasa hajalipa mpaka leo. Chakula? Kila mtu chake, ila Jumapili nyingine wali wa pamoja. Mpangaji mpya akija nani alikuwa anamchagua? Mimi. Hayo ndiyo akayaandika mara ya pili, na wali wa Jumapili nikamwambia auache humohumo, kwa sababu ulikuwepo.

Halafu tukapata picha. Ni ya 2015, sherehe ya kuzaliwa ya mmoja wao, watu wanne jikoni na keki ya dukani. Nyuma yao friji iko wazi, mtu alikuwa anatoa soda. Kila rafu ina kipande cha plasta nyeupe, plasta yangu ya hospitalini, na jina limeandikwa kwa kalamu. Rafu ya chini kabisa imeandikwa MAZIWA SI YAKO. Kwa Kiswahili. Nilikuza picha, nikaweka tafsiri chini yake, nikaipeleka. Sijui ofisa aliipa uzito gani, lakini kaya moja haiandikiani hivyo. Au labda kwenu.

La pili lilikuwa kwamba karatasi zangu nyingi zilithibitisha kitu kingine. Cheti cha gesi cha kila mwaka kinaonyesha nyumba inapangishwa. Hakionyeshi kwa wangapi. Bili ya umeme inaonyesha kuna watu wanawasha taa. Nilikuwa na vyeti kumi vya gesi nikijiona tajiri. Karatasi yenye nguvu ni ile yenye vitu vitatu pamoja: jina la mtu, anwani au chumba, na tarehe. Mkataba wa upangaji unavyo. Cheti cha kuhifadhi dipoziti, ile amana ya mpangaji, kinavyo, na tangu Aprili 2007 kila dipoziti ya mkataba wa kawaida lazima ihifadhiwe kwenye mfuko unaotambuliwa, kwa hiyo hata kama umepoteza nakala, waliohifadhi waombe. Nakala za pasipoti ulizochukua tangu sheria ya kukagua haki ya kupanga ilipoanza England nzima Februari 2016, zinavyo ikiwa uliandika juu yake chumba na tarehe. Stetimenti ya benki inayosema jina la mpangaji na kodi, mwezi baada ya mwezi, hiyo ni dhahabu. Wenye nyumba za wanafunzi, kaunsili yenyewe ina kumbukumbu za msamaha wa kodi ya kaunsili. Waulizeni.

Mpangaji wangu mmoja alikuwa analipa taslimu. Huyo ushahidi wake ulikuwa kwenye kaunta buku ya rangi ya bluu niliyokuwa naiweka juu ya kabati, na nimeileta, iko pale mezani. Ukurasa wa Machi 2014 umeandikwa hivi: “Mbele, 340, kalipa. Juu kushoto, 320, kalipa. Juu kulia, bado 60. Nyuma, kalipa nusu, kasema Ijumaa. Ijumaa hakuja.” Mara ya kwanza sikuipeleka, niliona aibu, mwandiko mbaya na doa la chai. Mara ya pili nikampa mtu mwenye ujuzi wa kutafsiri, akaitafsiri kurasa zote, akatia saini kwamba ni tafsiri sahihi. Ilikuja kuwa nguzo ya miaka minne ya mwanzo. Imeandikwa siku ileile mambo yanatokea, na hakuna mtu anayetunga “Ijumaa hakuja” miaka minane kabla.

La tatu lilikuwa pengo, na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko kote.

Miaka kumi ni miezi 120. Swali si kama unaweza kuthibitisha 2012 na ukathibitisha 2022. Mahakama ya Rufaa mwaka 2002, katika kesi iliyotokea Thurrock, ilisema kipindi ambacho kaunsili isingeweza kuchukua hatua, kwa sababu kosa lenyewe halikuwa likitendeka, hakiwezi kuhesabiwa. Maana yake kila mwezi unaulizwa: leo kaunsili wangekuja, wangekuta HMO? Chumba kukaa wazi wiki tatu kati ya mpangaji na mpangaji, hilo ni jambo la kawaida, nyumba haiachi kuwa HMO. Lakini mwaka mzima familia moja ikikodi nyumba yote, saa imesimama, na ikianza tena inaanza sifuri.

Nilinunua karatasi za manila nikazibandika sebuleni. Miezi 120 kwenda kulia, vyumba vitano kwenda chini. Kijani palipo na mkataba na malipo. Njano palipo na kimoja tu. Peupe pasipo na kitu. Ndugu zangu, mkitoka hapa na jambo moja tu, tokeni na karatasi ile. Niliikalia kila nikitoka zamu, wiki sita. Peupe palikuwa sehemu mbili. Moja ni miezi minane ya 2016, nyumba ilipokuwa chini ya dalali ambaye baadaye alifunga ofisi na mafaili yakapotea naye. Pale tulinusurika kwa vyeti vya dipoziti na stetimenti za benki za wapangaji wenyewe, walioniombea benki zao. Nawashukuru, hawakuwa na lazima.

Nyingine ilikuwa masika ya 2020.

Mnakumbuka. Machi 23 tukaambiwa kaeni majumbani. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu tangu Februari, na biashara ya kuonyesha nyumba ilisimama mpaka 13 Mei. Binti wa juu kulia alikwenda kwa mama yake Leicester, mkataba wake ukaendelea mpaka Julai. Wa chumba cha nyuma alikuwa amekwenda Mombasa katikati ya Machi kumzika mama yake, na Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa 25 Machi. Akakwama huko hadi Agosti. Kwa hiyo Juni 2020 ndani ya nyumba mlilala watu wawili. Na C4 huanzia watatu. Ofisa alikuwa ameliona hilo kwenye karatasi zangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeandika kwa majivuno kwamba wakati wa korona niliwapunguzia kodi “wawili waliobaki”.

Jibu lilikuwa kwa yule wa Mombasa. Sheria inaangalia makazi makuu ya mtu, si kitanda alicholalia usiku huo. Mkataba wake ulikuwa hai. Kodi aliendelea kulipa, nusu nusu, iko benki. Nguo zake, baiskeli yake na jiko lake la mkaa ambalo sikumruhusu hata siku moja kuliwasha, vilikuwa chumbani. Tulipata tiketi ya kwenda yenye tarehe ya kurudi ya Aprili, barua pepe ya shirika la ndege kufuta safari, na tiketi ya Agosti aliyorudi nayo. Binti wa Leicester naye akaandika yake. Hao wanne. Peupe pakawa kijani.

Kipimo cha ushahidi wenyewe si cha kutisha. Mzigo ni wako, lakini mizani ni ya kawaida: upande wako ukizidi hata kwa unyoya, inatosha. Kesi ya Gabbitas ya mwaka 1985, iliyohusu kaunsili ya Newham, imeshasema kwamba maneno ya mwombaji mwenyewe hayahitaji lazima shahidi wa pembeni, ikiwa yako wazi, hayana utata, na kaunsili haina ushahidi wa kuyapinga. Lakini “wazi” ndilo neno. “Nimepangisha miaka mingi” si wazi.

Na uzuri mwingine, ofisa haruhusiwi kuangalia kama nyumba yako inapendeza mtaani. Kaunsili iliwaandikia majirani. Mmoja, mzee wa Kiingereza wa nyumba ya pili, aliandika kurasa mbili za hasira: magari, mapipa ya taka, na kwamba kwa zaidi ya miaka kumi nyumba ile imekuwa ikiingia na kutoka watu wasiojuana. Magari na mapipa hayahusu. Sentensi ya mwisho ilinihusu sana. Nilimpelekea mandazi, na mpaka leo hajui kwa nini.

Maneno yako hayo unaweza kuyaweka kwenye tamko la kisheria, yaani maelezo unayoyaapia mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Ada ni pauni 5, na pauni 2 kwa kila kielelezo unachoambatanisha. Ni rahisi kwa pesa, lakini uongo ndani yake ni jinai, hadi miaka miwili gerezani, na cheti kilichopatikana kwa uongo kinaweza kufutwa. Kuna mkulima wa Surrey aliyejenga nyumba kama kasri, akaificha nyuma ya marobota ya nyasi na turubai, akaishi humo miaka minne, kisha 2006 akaondoa nyasi akasema muda umepita. Mahakama zilimkatalia, na 2016 kasri likabomolewa. Kunyamaza si sawa na kuficha. Lakini kama uliwahi kumwambia ofisa mlangoni “hapa ni familia tu”, au ulijaza hivyo kwenye fomu, zungumza na mwanasheria kabla hujapeleka chochote. Na kama ulikuwa na watu watano baada ya Oktoba 2018 bila leseni, jueni kwamba ushahidi wenu wa mipango ni ushahidi wa kosa la leseni vilevile. Kaunsili ni ileile.

Ombi la pili lilikwenda Machi 2023. Kurasa sitini tu, mbele kabisa karatasi ya miezi 120 iliyopunguzwa ikawa saizi ya A3. Cheti kilitoka Mei: matumizi ya daraja C4, halali kwa tarehe ya ombi.

Naona mkono pale nyuma. Dada anauliza, yeye ana watu saba, na mmoja ni mtoto mchanga. Mtoto naye ni mkazi, dada, anahesabiwa. Saba hawamo C4. Nyumba kubwa namna hiyo haina daraja, inasimama peke yake, na miaka kumi ya watu sita haikupi haki ya mtu wa saba. Angalia huyo wa saba alianza lini, uje tukae.

Basi nakwisha. Manila ziko ukutani pale, mnaweza kuzipiga picha. Kaunta buku iko mezani, ifungueni, isomeni. Vikombe tu wekeni mbali nayo, doa moja linatosha.